Benchi la Watu Wawili

Juzi nilirudi Nyansurura kwa ibada ya kufungua kanisa jipya, nikakuta viti vya plastiki vimepangwa hadi mlangoni. Vinapendeza, sikatai. Lakini macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye kona ya nyuma kulitafuta lile benchi, na halikuwepo.

Hapo ndipo walipokuwa wakikaa waliotengwa na kanisa, wasiimbe kwaya wala kushiriki meza ya Bwana mpaka watakaporudishwa. Na lilikuwa na kisirani chake. Fundi aliiweka miguu karibu mno, na katikati ubao ulipasuka, ukikaa hapo unakubana. Ukikaa mwishoni peke yako, linapinduka. Sisi watoto tuliomba kimoyomoyo mtu aanguke, Mungu atusamehe.

Kisha dada yangu, kidato cha pili, sauti ya kwanza ya kwaya, akapata mimba. Shule ikamfukuza, kanisa likamtenga, na aliyempa mimba akavuka mpaka wa Sirari asionekane tena. Bibi peke yake ndiye aliyeendelea kusaga wimbi la uji kwenye jiwe huku akiimba, kama vile hakuna kilichoharibika. Asubuhi alimjazia dada kikombe kikubwa cha uji. Nilipolalamika kwamba changu kidogo, akaniambia, "Wewe una tumbo moja. Tulia."

Jumapili ya kwanza ya adhabu, bibi alikipita kiti chake cha mbele, na kitambaa chake cheupe cha umoja wa wanawake kichwani, akaenda kuketi na dada kwenye benchi. Baada ya ibada mchungaji, kijana bado, alimfuata.

"Shikamoo, bibi. Lakini wewe hujatengwa."

"Marahaba. Najua, mura, kijana wangu. Ila hili benchi halikaliwi na mtu mmoja. Namshikilia huyu asianguke."

Tangu siku hiyo bibi naye hakwenda mezani kwa Bwana, na mimi nilijua alivyoipenda meza ile.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na aibu ilimkaba. Mgane mmoja wa kijiji cha jirani, mwenye wajukuu wakubwa kuliko mimi, akasema atamwoa dada na tumbo lake, na ng'ombe atatoa. Baba akakubali. Ng'ombe wangeletwa Jumatatu. Dada alilia mpaka macho yakavimba. Bibi alimwambia baba maneno ya Kikurya ambayo mtoto hapaswi kuyasikia, nami niliyasikia yote. Baba hakubadilika.

Jumapili iliyoitangulia Jumatatu hiyo, malaria ikamlaza bibi. Dada akaenda kanisani nasi, akafika nyuma, akalitazama benchi, akasimama tu ukutani, mkono tumboni. Wimbo ukaisha, watu wote wakaketi. Yeye akabaki amesimama, na siku hiyo hakuna mtoto aliyecheka.

Baba akainuka kwenye viti vya wazee. Viatu vyake vilisikika kwenye sakafu hadi nyuma. Akaketi upande mmoja, benchi likaanza kuinuka, akalibana kwa miguu yake.

"Kaa, mwanangu. Kaa upande huo."

Dada akakaa. Benchi likatulia.

Baba hakurudi nyumbani kula. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mgane, akamwambia ng'ombe wake wabaki zizini kwake. Jioni alipoingia, bibi akauliza kutoka kitandani, "Na benchi?"

"Limetulia, mama," akajibu, akaomba uji.

Mtoto yule wa dada sasa ni mwanamume mwenye ndevu, na juzi ndiye aliyepiga kinanda, mama yake akiimba sauti ya kwanza. Bibi na baba walishatangulia mbele ya haki. Nilipouliza habari za benchi, akina mama walicheka: walilipasua kuni wakawapikia mafundi wali. Nilitamani kulia kwa sababu ya kuni.

Nikaketi kwenye kiti changu cha plastiki. Kigumu, hakitikisiki. Hakihitaji mtu wa upande wa pili.