Jasho Si Kipimo cha Kazi

Kosa la wengi wetu ni kupima nguvu anazotumia mtu kwa jasho lake.

Leo kosa hilo limetufikisha pabaya hapa Kashozi.

Mwanangu, tarishi wa Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, alipandisha baiskeli kutoka Bukoba akafika ameloa jasho. Mama yangu akamrundikia ebitoke, ndizi zetu za kupika, na senene, panzi wa kukaanga.

Mkewe, Koku, ananyonyesha. Tangu alfajiri alikuwa kwenye majani yenye umande akikamata senene hao hao, kisha akapandisha maji kutoka bondeni. Alirudi akitetemeka kwa baridi.

Nikasema, "Mama, naye mpakulie."

"Huyu? Ana tone gani la jasho? Na senene tangu lini ni chakula cha mwanamke?"

Nikaeleza tena, waitu, ndugu zangu, kama ninavyofundisha darasani. Mwili huchoma chakula kama jiko linavyochoma kuni, na kipimo chake ni kalori. Jasho huonyesha joto tu. Ukitaka kukadiria, angalia mzigo, mlima na muda. Anayetetemeka naye anachoma. Hata maziwa ya mtoto yanatoka kwenye chakula hicho hicho.

Mama akacheka. "Mwalimu, hizo kalori zinaungwa kwa samli?"

Kabla sijajibu, Koku akaanguka kando ya mafiga.

Amezinduka, lakini maziwa hayatoki. Mtoto analia ninapoandika, na Mama bado anasema ni uvivu. Sijui nieleze kwa lugha gani tena.

Ninyi je, kwenu anapakuliwa nani kwanza?

Leo, mpakulieni kwanza aliyeteka maji.