Nilimpeleka baba mkwe mtarajiwa kunywa kapuchino Moshi mjini, povu la maziwa likataka kunikosesha mke

Wakuu, salaam kwenu.

Naandika hii bado nacheka peke yangu, mpaka mwenzangu wa ofisini kaniuliza kama niko sawa. Asiyeamini nitamwelewa. Hata mimi nisingekuwepo nisingeamini.

Kuna cafe moja ndogo hapa Moshi, iko uchochoroni nyuma ya maduka ya spea. Jina sitaji, mtasema natangaza biashara. Mwenyewe tumwite Dada Happy.

Dada Happy anakaanga kahawa mwenyewe, anasaga mwenyewe, anakuletea mezani mwenyewe, na ukimwaga anakugombeza mwenyewe. Ukienda mara mbili tu keshajua unakunywaje. Siku nikiwa na stress ananisogezea andazi ambalo sijaagiza na haongei kitu.

Halafu ana mbwembwe yake. Juu ya kila kapuchino anachora jani kwa povu la maziwa. Jani refu, jembamba, limesimama wima. Hilo jani mlishike, tutalirudia.

Sasa mimi ni Msukuma wa Kwimba, kazi ndiyo iliyonileta huku. Nikampata Aika, binti wa Kichagga kutoka Mwika. Nikimtazama huyo dada hata mlima nasahau kama upo.

Shida ikawa baba yake. Siku ya Pasaka Aika alipomwambia kwamba mchumba ni mtu wa Kanda ya Ziwa, mzee alifura. Alimwambia kama ndiyo hivyo, atafute baba mwingine wa kumsindikiza kanisani.

Tangu siku hiyo baba na binti wakawa wanasalimiana tu. Shikamoo, marahaba, basi. Aika alikuwa ananificha, lakini nilikuwa namwona akikata simu ya nyumbani anageukia ukutani. Akaniambia wazi kwamba bila baba yake kanisani haolewi. Iliniuma sana, sitaki kudanganya.

Juzi mama yake akatusaidia. Mzee alikuwa anashuka mjini kupima macho, mama akambembeleza akubali kuonana na mimi, hata kwa muda mfupi.

Mimi nikajiona mjanja. Nikasema mzee ni mkulima wa kahawa, kahawa imemsomeshea watoto, nitampeleka kwa Dada Happy afurahi.

Wakuu, kumbe mzee kahawa hanywi! Amepanda, amepalilia, amechuma, ameanika maisha yake yote, na nyumbani kwake inanywewa chai ya maziwa. Kwao kahawa ni ya kuuza. Hata Aika kahawa haimpandi kabisa, siku hiyo aliagiza chai.

Nikamwamkia mzee kwa adabu zote nilizofundishwa na ambazo sikufundishwa. Akaitikia, akakaa, kofia kichwani, macho mlangoni. Nikaagiza kapuchino mbili bila kumuuliza.

Dada Happy akaleta. Siku hiyo alikuwa amechora jani la heshima, maana nilimwambia mapema kwamba ni mkwe.

Mzee akaangalia kikombe. Akakizungusha taratibu. Akavua kofia. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Kijana, umemfanyia nini binti yangu?"

Nikarudisha kikombe changu mezani.

"Sema hapa hapa. Sale ukishaileta siwezi kuikataa. Lakini kosa lazima nilijue."

Nisimame hapa kidogo kwa wasiojua, maana hata mimi nilikuwa sijui. Uchagani kuna mmea unaitwa sale, wanaupanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yao ya ukoo. Ukimkosea mtu vibaya, unampelekea jani lake kumwomba msamaha. Akishaletewa hilo jani, hata awe na hasira kiasi gani, hakatai. Na mzee alikuwa analiona jani la sale limelala juu ya kikombe chake, nimeliagiza mimi.

Mimi sielewi kitu, jasho linanitoka. Nikapitia dhambi zangu zote harakaharaka kichwani nione ni ipi imefika Mwika.

Aika ndiye aliyeelewa kwanza. Badala ya kunisaidia, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanacheza kwa kicheko. Mzee akaona mabega yale, akadhani binti analia.

Basi hapo ndipo aliponigeukia vizuri.

Dada Happy akaja mbio na kitambaa chake begani. Akamweleza kwamba lile jani ni pambo tu, anamchorea kila mteja. Mzee hakukubali. Akainuka kwenda kuhakikisha.

Meza ya pili alikuwepo Singasinga mmoja mwenye duka la spea pale jirani, mzaliwa wa Moshi, mteja wa kila asubuhi. Akamsogezea mzee kikombe atazame. Jani lipo. Meza ya mlangoni guide wa mlima naye akainua chake. Jani lipo.

Mzee akasimama katikati ya cafe, mikono nyuma.

"Kwa hiyo mji mzima mnaombana msamaha asubuhi yote hii?"

Wakuu, cafe nzima ililipuka. Singasinga alicheka mpaka akashikilia meza. Mzee akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kwa kuona nimepona.

Akarudi kukaa, akaonja. Akaonja tena. Akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe, kwamba kumbe ndiyo hii. Povu lilikuwa limejaa kwenye masharubu na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kisha akamwita Dada Happy, akamnong'oneza kitu.

Kikaja kikombe cha tatu. Mzee akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka mbele ya Aika. Akakizungusha mpaka jani likamwelekea binti yake.

"Yale maneno ya Pasaka," akasema. Akashindwa kuendelea.

Aika hakuwa anacheka tena. Akakishika kile kikombe, yeye ambaye harufu ya kahawa tu inamkimbiza.

"Sale haikataliwi, baba."

Akanywa yote. Machozi yanashuka, povu mdomoni, akanywa mpaka chini. Mimi nikajifanya natafuta simu mfukoni.

Wakati wa kuondoka mzee akavaa kofia, akanigeukia.

"Waambie wazee wako barabara ya Mwika mvua zikianza inateleza. Waje kabla."

Wakuu, nilimkumbatia Dada Happy, nikamkumbatia guide, nikataka kumkumbatia na Singasinga, akaninyooshea mkono.

Nilichojifunza: ukienda ugenini uliza mila za watu kabla ya kuagiza vinywaji. Na mtu akishindwa kusema samahani, mpe njia nyingine ya kuisema.

Jana mama mkwe kapiga simu anauliza tulimlisha nini mumewe. Ametoa kikaango, anakaanga kahawa mwenyewe, nyumba nzima moshi.

Haya, Wachagga wa humu, wazee wangu wanatoka Kwimba wiki ijayo. Waje wameshika nini mkononi? Nielekezeni vizuri, safari hii sitaki kubahatisha.