Kichwa cha Gololi Nilichokwenda Nacho Kinyangiri

Nilikwenda Kinyangiri kwa ajili ya mafiga matatu ya bibi mmoja. Nawaambia mapema msije mkadhani nilikwenda kutembea. Watu walikuwa wanahamia kwenye vijiji vya Ujamaa, na Elia, mkulima wa huko, alikuja studioni kwangu Singida mjini akiwa na shida. Mama yake, Bibi Raheli, alikuwa amekataa kutoka ndani ya tembe lake, nyumba ya udongo yenye paa bapa, mpaka apigwe picha jikoni, kwenye mafiga aliyopikia tangu alipoolewa. Lori la kuwahamisha lingefika Ijumaa.

"Mimi nautaka uso wake," Elia alisema. "Amezeeka, na hatuna picha yake hata moja. Lakini bila hayo mafiga hakubali kukaa."

Sasa, ndani ya tembe ni giza hata saa sita mchana. Picha ya gizani inataka kamera itulie juu ya stendi, jicho lake likiwa wazi kwa muda, na ikitikisika kidogo tu basi umeharibu. Stendi ya miguu mitatu nilikuwa nayo. Kilichonisumbua ni kichwa chake, kile kipande cha juu kinachoshika kamera. Changu kilikuwa chuma kitupu chenye mpini mrefu, kizito kama jiwe la kusagia, na kutoka Iguguno, ambako ningeteremka garini, ningekwenda kwa miguu. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, wanasema, na mimi ni Mnyaturu.

Kabla sijaondoka mjini nilipita kwa Mzee Salehe, aliyekuwa akiuza na kutengeneza kamera kuukuu. Akanitolea vichwa viwili vyepesi vya gololi. Kamera unaifunga juu ya gololi, unaigeuza utakavyo, kisha unakaza skrubu ya ubavuni na gololi inabanwa hapo hapo. Cha kwanza kilienea kiganjani. Nikafunga kamera, nikaiinamisha, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Ikashuka polepole kama mzee anayesinzia kwenye ibada. Cha pili kilikuwa chepesi vilevile, ila gololi yake ilikuwa kubwa zaidi. Nikaigonga kamera kwa kidole, nikaitundikia na mkoba wangu, haikusogea. Nilishangaa kitu kisicho na uzito kinashikaje namna ile. Kasoro yake moja, ukikigeuza kinalia kama bawaba ya mlango.

"Kiache kilie," Mzee Salehe alisema. "Kinashika kwa sababu ni kikavu. Ukikitia mafuta umekiua."

Kingine alichonipa ni habari mbaya: filamu hamna mpaka mzigo uje kutoka Dar es Salaam. Ndani ya kamera yangu ilikuwa imesalia nafasi ya picha moja. Nikajiambia moja inatosha kwa mtu anayejua kazi yake.

Iguguno niliteremka kwenye lori la mahindi, nikashika njia ya Kinyangiri. Njiani ndipo nilipopigwa na butwaa. Matembe niliyoyazoea yalikuwa hayana mapaa. Kuta zimesimama, juu mbingu. Nilikutana na mtu amebeba mlango mgongoni, mkewe nyuma na kuku wamefungwa miguu, wakanisalimia vizuri kabisa kana kwamba ni siku ya mnada. Nilikuwa nimesikia redioni habari za kuhama, lakini kusikia si kuona.

Kinyangiri nilifika jioni. Bibi Raheli alikuwa ameketi jikoni, mdogo wa mwili, macho yake yana ukungu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa picha? Mafiga yangu haya hapa. Yaonekane yote matatu."

Nikaahidi. Tukala ugali wa uwele na maziwa ya mgando, na mimi, kwa majivuno yangu, nikatoa kichwa changu kipya nikamwonyesha Elia kinavyozunguka. Kikalia. Elia akakunja uso.

Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda kuoga. Niliporudi, vyombo vyangu vilikuwa vimepangwa juu ya ngozi ya ng'ombe, vimefutwa vumbi, vinang'aa. Nikamshukuru Elia. Nje vijana walikuwa wanabomoa paa la zizi, magogo yanaanguka, ndani hamsikilizani. Nikasimamisha stendi, nikamweka Bibi Raheli nyuma ya mafiga, nikapima uso na mawe vyote viingie kwenye picha, nikakaza skrubu.

"Tulia bibi. Usipepese."

Nikafungua jicho la kamera, nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Sikuwa nimefika mbali kamera ikainama. Hakuna aliyeigusa. Iliinamisha pua yake kuelekea chini, ikaishia hapo, na jicho bado liko wazi. Nikasimama tu nikiitazama mpaka nilipokumbuka kufunga. Nilipokishika kile kichwa, kidole kikateleza. Nikanusa. Samli.

"Elia, umekifanya nini hiki?"

"Nimekitia samli," alijibu, uso umejaa furaha. "Kilikuwa kinalia. Kwetu mgeni haondoki na kitu kinacholia. Kamba, bawaba, viatu, vyote tunapaka."

Nikamweleza. Furaha ikamtoka usoni, akakaa chini pale pale. "Kwa hiyo uso wa mama nimeufuta mimi," alisema. Hasira niliyokuwa nayo nikashindwa kuitoa. Nje lori lilikuwa linapiga honi. Bibi Raheli, aliyeamini kwamba ameshapigwa picha, aliinuka akajifunga khanga, akatoka bila kugeuka nyuma. Vijana wakapanda juu ya tembe lake kubomoa paa.

Singida mjini nilisafisha ile filamu nikiwa nimekata tamaa. Uso wa bibi ulikuwa mstari wa moshi. Lakini chini, pale kamera ilipoinama na kutulia, mafiga yalitoka yote matatu, na majivu, na mikono yake miwili juu ya magoti, mpaka mishipa unaiona.

Mzigo wa Dar es Salaam ulipofika nilirudi, safari hii kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari. Kichwa nilikuwa nimekiosha samli kwa mafuta ya taa, nikakikausha. Nilipokitoa kikalia, na Elia akaficha mikono yake nyuma. Nikampa picha. Akaipeleka mwangani.

"Hana uso," alisema taratibu.

Bibi Raheli akaichukua, akaisogeza karibu na macho, kidole chake kikapita juu ya jiwe moja baada ya jingine. "Hili lenye ufa alilileta baba yako," alimwambia Elia. "Nilimwambia ni bovu, akacheka."

"Nisamehe bibi," nikasema. "Uso wako umepotea."

Akaniangalia kama mtu aliyesikia jambo la ajabu. "Uso wangu si huu hapa, nimehama nao? Wapigie picha juani wauone. Mafiga ndiyo yamebaki kule."

Nilimpiga picha pale mlangoni, kamera mkononi, jua la kutosha, stendi imelala chini. Hakukubali kuiweka chini ile picha ya kwanza, akaishika kifuani. Elia akapata uso wa mama yake.

Kwa wenzangu wanaotaka kichwa chepesi cha gololi, nililojifunza ni hili: chukueni chenye gololi kubwa, kijaribuni kwa mzigo, na mkifika ugenini mwambieni mwenyeji kwamba kinalia kwa sababu kinashika. Mimi sikumwambia Elia.