Sauti Iliyonaswa Njiani Kuelekea Matema

Ambwene hakujua kuogelea, na jambo hilo alilificha kama wengine wanavyoficha ugonjwa. Majirani zake Kyela mjini hawakujua kazi ya dada huyu waiiteje. Alichukua vyungu vya Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kando ya ziwa, akatia spika ndogo ndani, na humo zikasikika sauti za wanawake wakitwanga udongo. Nyuma, kwenye shuka jeupe, alionyesha video ya mikono yao. Wengine walimwita fundi redio.

Mwaka jana, mwezi wa saba, aliitwa Mbeya kuonyesha kazi yake. Akaenda Ikombe kuchukua vyungu kumi na viwili alivyomwagiza Mama Edwin, mfinyanzi aliyemfundisha kushika udongo. Jumamosi asubuhi yeye na Mama Edwin wakapanda boti ya mashine ya Wilson, mwenyewe akiiendesha, pamoja na vyungu vya Mama Edwin vya kuuza sokoni Matema. Ambwene akawasha kinasa sauti, akakivisha nailoni na kukining'iniza shingoni. Alitaka mlio wa mashine na maji.

Hawajafika mbali, mwera, upepo mkali wa ziwani, ukawashukia. Mashine ikakohoa, ikazima. Maji yakaingia mpaka vifundoni. Ambwene aling'ang'ania ubao wa boti.

"Tupeni mizigo!" Wilson akapiga kelele. "Tutazama!"

Baada ya hapo alichokumbuka ni vyungu tu, vikielea kidogo, vikijaa maji, vikipotea.

Walifika Matema wamelowa chapachapa. Vya Mama Edwin havikubaki hata kimoja. Vya Ambwene vilibaki saba, akaviacha hapo kwa Wilson, akidhani ni jinsi mizigo ilivyopangwa. Jioni, nyumbani Kyela, akavaa vipokea sauti masikioni. Katikati ya mvumo wa upepo akasikia mwanamke akipiga ukelele: "Siyo hivyo! Hivyo vyangu! Anza na vya Mama Edwin!"

Akarudisha nyuma. Akarudisha tena. Alikuwa yeye.

Siku nne chakula hakikupita. Simu ikiita, aliiacha iite, akidhani ni Mama Edwin. Alitaka kuifuta ile sauti. Kidole kikafika kwenye kitufe, kikaganda. Kilichomtisha zaidi ni kwamba huenda yule mama alisikia kila neno, akanyamaza.

Siku ya tano akapanda gari mpaka Matema, kisha akaenda Ikombe kwa miguu, kwa njia ya mawe kandokando ya ziwa, maana kupanda boti hakuweza tena. Akamkuta Mama Edwin akikanda udongo, akamvalisha vipokea sauti. Mama Edwin akasikiliza mpaka mwisho, akitazama vidole vyake.

"Nilikusikia siku ileile," akasema.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia nini, mwanangu? Mimi nilikuwa namwomba Mungu amchukue Wilson, aniache mimi. Bahati yangu, niliomba kimoyomoyo."

Hakucheka, na Ambwene hakuthubutu kucheka. Alimwambia vile vyungu saba vipo Matema kwa Wilson, ni vyake sasa, avipeleke sokoni.

"Ndaga," Mama Edwin akashukuru, akarudi kwenye udongo wake. Habari ya kusamehe hakuigusa.

Mbeya Ambwene alikwenda bila chungu hata kimoja. Alionyesha video ya ziwa ukutani, na sauti yote ya safari ile, bila kukata neno. Siku ya ufunguzi alisimama mlangoni, akiwatazama watu wa kwanza wakiingia kusikiliza.