Mstari wa Mama Chini ya Migrevilea

Udongo wa kivulini una harufu yake. Wa juani ukinyeshewa hunukia vumbi. Wa kivulini hunukia majani yaliyooza, uyoga, na ubaridi fulani kama wa ndani ya mtungi. Harufu hiyo ilinipata mwaka huu Magarama, hapa Gitega, nyuma ya nyumba aliyopanga binti yangu Odeta. Pana kipande chembamba cha ardhi kati ya ukuta wa jirani na njia ya kwenda chooni, jua halifiki kabisa. Odeta alipanda mawaridi yakafa, akapanda mengine nayo yakafa. "Mama, hapa hata nyasi imekataa," akaniambia. "Tumwage saruji tu yaishe." Nikainama, nikachota udongo, nikaunusa. Nikamwambia asimwage kitu. Pale pale nilikuwa nimesharudi Giteranyi, kule Muyinga, mtoto wa miaka kama kumi, nimebeba kikapu nyuma ya mama yangu.

Baba alikuwa amefariki kwa homa mimi bado nabebwa mgongoni. Shamba letu lilipakana na la mdogo wake, Melkiori. Nalitaja jina lake kwa sababu wengine hupenda kusema "watu fulani", na mimi watu fulani siwajui, namjua Melkiori. Mara tu baba alipozikwa, alipanda mstari wa migrevilea upande wake wa mpaka, miti inayorefuka haraka kuliko watoto. Nilipopata akili, kivuli cha miti hiyo kilikuwa kimelala juu ya maharage yetu tangu asubuhi, maharage yakawa yanatoa majani ya njano na kuishia hapo. Kila msimu Melkiori alikuja kusimama pale, mikono nyuma. "Shemeji, sehemu hii imekufa. Niachie niongeze miti, wewe upumzike." Na kwetu ndivyo ilivyokuwa: ardhi ikionekana imeachwa, mwenye sauti kubwa anaichukua, hasa ikiwa ya mjane mwenye mtoto wa kike peke yake. Kwa hiyo mama hakuwa akitafuta mapambo msimu ule. Alitafuta chochote kitakachokubali kuishi pale, tena kipendeze, ili kila apitaye aone kwamba pana mkono wa mtu.

Kwanza alikosea kama Odeta. Alileta maua mekundu ya kando ya barabara, yanayopenda jua, yakarefuka membamba, yakainamia upande wa mwanga kama watu wanaochungulia dirishani, bila kuchanua hata moja. Aliyang'oa yote. Kesho yake alinichukua mpaka bondeni, kwenye kijito, mahali ambapo miti imefunga juu na mchana unakuwa kama jioni. "Serafina, usitafute zuri," aliniambia. "Tafuta lililonenepa." Tukazunguka tukiangalia ni nani anastarehe mle gizani. Tulichimba kangaga zenye majani kama manyoya ya ndege. Tulichimba vijimaua vya rangi ya waridi ambavyo shina lake limejaa maji, ukilibana linapasuka mkononi. Kwenye tope tukatoa yale maua meupe yaliyojikunja kama faneli. Mama alipenda weupe. Alisema kivulini rangi nyeusi nyeusi inapotea, lakini jeupe linaonekana kutoka mbali. Baadaye aliomba kwa masista wa misheni majani yenye madoa mekundu na ya kijani, maana jani lenye rangi halikusumbui kungoja lichanue.

Mizizi ya migrevilea ilikuwa inakunywa kila kitu, basi tulibeba samadi, tukafunika udongo kwa majani ya migomba. Kangaga zikakaa nyuma karibu na miti, meupe katikati, vidogo mbele. Mpakani kabisa mama akachomeka lile jani refu ambalo Watanzania wanaliita sale. Kwetu pia ni la mpaka, na anayeling'oa watu humtazama kwa jicho jingine. Melkiori alicheka sana. "Shemeji, jioni mtakula saladi ya maua?" Mama hakuinua kichwa. "Tutakula, shemeji, na mabaki tutakuletea." Mvua zilipokolea, mstari ule ulijaa. Jumapili wanawake walipita wakitoka misa, wakasimama, wakaomba vipandikizi, na mama aligawa bila kuchoka. Kila aliyeondoka na kipandikizi alijua amekitoa kwenye ardhi ya nani. Melkiori akaacha kuja kusimama.

Halafu vita vikafika. Waliochoma nyumba yetu hawakuwa wa mlima wetu, yaani kijiji chetu, hawakujua njia. Aliyewatangulia ni Melkiori. Nilimwona mchana kweupe, nikiwa nimelala ndani ya kangaga za mama, ambazo zilikuwa zimenenepa kiasi cha kumficha mtoto. Mama alikuwa bondeni akichota maji. Ndicho kilichomwokoa siku hiyo. Alifia kwenye kambi ya wakimbizi Ngara, kwa Watanzania, na mimi nikakulia huko.

Mwaka huu nilihitaji vipandikizi vya kumpandia Odeta, nikaenda Giteranyi. Migrevilea ilishapasuliwa mbao. Melkiori yupo, mzee, na chini ya baraza lake, kivulini, yamepangwa maua ya mama: kangaga nyuma, meupe katikati, vidogo mbele. Alihamisha hata mpangilio. "Karibu, mwanangu," akasema. "Umeyapenda maua yangu?"

"Aliyapanda nani, baba mdogo?"

Akamwita mjukuu alete kiti. Kiti kikaja, sikukaa. "Hayo ni ya zamani," akasema hatimaye. "Chukua unayotaka." Nikachukua, na sikushukuru. Kisha nikateremka mpaka lililokuwa shamba letu. Sale hakuligusa. Limesimama mstari ule ule, katikati ya mihogo yake, upande huu mihogo na upande ule mihogo. Alithubutu yote mengine, hilo akaliogopa. Nikakata vijiti vyake pia.

Nyuma ya nyumba ya Magarama sasa pamejaa. Wapangaji wenzetu wanasimama wakienda chooni, na Odeta anagawa vipandikizi kama bibi yake ambaye hakumwona. Siku ya kupanda alishika vile vijiti vya sale akaniuliza, "Na hivi tuviweke wapi, Mama?" Nikamwambia si hapa. Mama yangu alipanda kivulini kwenye ardhi yake. Sisi tunapamba ya mwenye nyumba. Nimevichomeka kwenye kopo la mafuta karibu na mlango, mahali pa kulibeba kwa urahisi. Vimeshatoa mizizi.