Niliposema Fedha Zote ni Zangu

Mwanangu, siku niliyoitwa ofisi ya kodi naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nikiwaza jambo moja maishani ambalo ningelirudia nilifanye upya, si ndoa, si shamba, si duka. Ni ile nusu saa niliyokaa mbele ya kijana mmoja mwenye shati jeupe, akaniuliza swali rahisi, nami nikamjibu uongo.

Wakati huo sikuwa na unywele mmoja mweupe. Nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Tarime mjini, nauza mabati, saruji, misumari na rangi. Kwetu hasa ni Susuni. Katika ukoo wetu mimi ndiye niliyefika kidato cha nne, kwa hiyo barua za watu wote nilizisoma mimi, na mtu akitaka kuandikiwa jambo anakuja dukani kwangu anasubiri wateja wapungue. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na akaunti benki. Nilijivunia hilo. Leo naona kwamba ndilo lililonifanya nijione siwezi kuomba msaada kwa mtu yeyote.

Baba yetu alikuwa amefariki, na mimi kama mkubwa nilishika nafasi yake. Dada yetu Bhoke alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake waliingia kwenye zizi letu. Lakini kwa mila yetu ng'ombe hao hawakuwa wangu. Ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka yake mke, na kaka huyo alikuwa mdogo wangu Chacha. Mimi nilikuwa mtunzaji tu.

Mwaka ule wezi wa mifugo walitusumbua sana. Baba mdogo Mwita, mdogo wake marehemu baba, akashauri tuwauze ng'ombe wa Bhoke mnadani, fedha nizitunze benki, na siku Chacha atakapopata mchumba tununue wengine. Yeye mwenyewe akauza madume yake, akaniletea fedha nimhifadhie. Nikaziweka zote kwenye akaunti ile ile ya duka. Hatukuandikiana chochote. Ningeanzaje kumwandikia baba yangu mdogo karatasi, kana kwamba tumekutana jana?

Ndipo nikaitwa ofisi ya kodi. Yule kijana alinipa shikamoo, akanipa kiti, akanionyesha karatasi za benki. Akasema mapato niliyoyatangaza ni madogo, lakini fedha zilizoingia benki ni nyingi. Akaniuliza kama zote ni mauzo ya duka.

"Ni zangu," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Mzee, kama kuna za watu wengine, useme. Lete maelezo yao na karatasi yoyote ya kuthibitisha, tutazitoa kwenye hesabu."

"Zote ni zangu," nikarudia.

Mwanangu, utajiuliza mtu mwenye akili timamu anasemaje hivyo. Nitakuambia nilivyojiambia siku ile. Kwetu mtu haulizwi ana ng'ombe wangapi, na wa mwenzako ndiyo kabisa huwezi kuwataja mbele ya mgeni. Ni kumvua nguo. Nikajiambia mimi ni Mkurya wa kweli, sitakaa kwenye kiti cha serikali nikaanza kuhesabu madume ya baba mdogo. Nikatoka mle nimenyoosha shingo.

Barua ya makadirio ilikuja baada ya muda si mrefu. Sifuri za kodi iliyoandikwa mle nilizihesabu mara mbili. Nikaisoma yote, kwa sababu kusoma nilijua. Chini iliandikwa kwamba kama sikubaliani na makadirio, nina siku thelathini za kuleta pingamizi kwa maandishi na sababu zangu. Sikuelewa vibaya. Nilielewa vizuri sana, nikaikunja nikaiweka chini ya makopo ya rangi.

Mke wangu aliiona. Akaniambia amesikia kanisani kwamba Musoma kuna wakili mwanamke anayejua mambo ya kodi, na wasio na uwezo anawasaidia bure. Nikamwambia wakili ni wa mtu aliyeua. "Mimi nimeua nani?"

Akanijibu, "Hujaua bado. Endelea tu kukalia hiyo barua."

Sikwenda Musoma. Nilikwenda stendi, kwa jamaa mmoja aliyekuwa anashinda kwenye kibanda cha chai akisema ana watu wake ofisini. Siku hizi mnawaita vishoka. Nilimpa fedha mara ya kwanza, akaniambia nisiandike kitu chochote, nikiandika nitawaamsha. Nilimpa mara ya pili. Mara ya tatu nilipomuuliza tumefikia wapi, akakoroga chai yake akasema, "Faili lako nimelilaza, kaka. Hivi tunavyoongea linakoroma." Nikacheka. Nakwambia nilicheka, nikamlipia na chapati. Siku thelathini zikapita nikiwa nacheka, na mpaka leo sijui kama mtu yule aliwahi kuvuka hata geti la ofisi ile.

Mwezi uliofuata Chacha alikuja dukani amevaa shati jipya. Alikuwa amempata Robhi, binti wa kijiji jirani, na baba yake Robhi alikubali. Ng'ombe wapelekwe baada ya mavuno. Mdogo wangu alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alizungumza mpaka nikafunga duka. Kesho yake asubuhi nikaenda benki kutoa fedha za kununua ng'ombe wake. Karani akaangalia, akaangalia tena, akaniita pembeni. Deni la kodi lilikuwa halijapingwa wala halijalipwa, ofisi ya kodi ikaleta notisi benki, na fedha zilizokuwamo zilikwenda kulipa deni. Na bado hazikutosha.

Sikumlaumu karani. Kwenye karatasi zote za dunia hii, fedha zile zilikuwa zangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema.

Niliwaza kumdanganya Chacha, kwamba bei ya ng'ombe imepanda, asubiri. Nilimdanganya hivyo wiki mbili. Halafu baba mdogo akaniita Susuni. Nilimkuta kwenye uwanja wa nyumba yake amekaa na wazee wengine wawili, na Chacha amesimama ukutani. Nikamweleza kwamba fedha zote zimechukuliwa na kodi.

"Mura," akasema, na mura kwetu ni kijana, ingawa mimi nilishakuwa na watoto wanne, "huyo mtu wa kodi alikuuliza fedha ni za nani?"

"Aliniuliza, baba."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni zangu."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya mila, kwamba sikutaka kuwataja ng'ombe wake mbele ya wageni. Akanyoosha fimbo kuelekea mlango wa nyumba yake.

"Madume yangu niliyauza mnadani mchana, watu wote wanaona. Yaliandikwa jina langu, ikapigwa mhuri, karatasi iko ndani kwenye sanduku. Ya ng'ombe wa Bhoke iko hapo hapo. Sasa wewe ulikuwa unanitunzia siri gani? Ungeniuliza, ningepanda gari nikaenda kwa huyo kijana nikamwambia haya ni madume yangu, na yule mwekundu alikuwa na pembe moja imevunjika, kama anataka nimwonyeshe mtu aliyemnunua."

Mzee mmoja akacheka, halafu akamwona Chacha, akaacha.

"Mura, hukuwa unaficha ng'ombe wangu," baba mdogo akasema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa unaficha daftari lako."

Mwanangu, maneno hayo yaliniingia kwa sababu yalikuwa ya kweli, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Duka langu halikuwa na hesabu safi. Nilikuwa nauza bila kuandika, na mauzo niliyoyatangaza yalikuwa pungufu. Niliogopa kwamba nikieleza fedha za ng'ombe wataniomba na daftari la duka. Mila niliisingizia. Niliitoa mbele isimame badala yangu, kama mtu anayemsukuma mama yake mlangoni watu wa madeni wanapopiga hodi.

Ndipo nikapanda basi la Musoma. Yule wakili alikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea, angeweza kuwa binti yangu. Akasoma karatasi zangu zote, hata zile zenye madoa ya rangi.

"Baba," akasema, "umeniletea mgonjwa ameshazikwa."

Akanieleza taratibu, bila kunidharau. Ningekwenda ndani ya zile siku thelathini, ningelipa sehemu tu ya kodi ile kama sheria inavyotaka, nikaweka pingamizi, nikaambatisha karatasi za mnada na barua za baba mdogo na Chacha. Kuhusu mauzo niliyoyapunguza, ningekiri na kulipa, na ingekuwa kodi ninayoiweza. Akaniuliza kama kuna sababu iliyonizuia, maana muda unaweza kuombwa uongezwe ukiwa na sababu nzuri. Nilikuwa naumwa? Nilikuwa safarini?

Nikasema, "Nilikuwa dukani."

"Basi tusiwaandikie uongo mwingine."

Akaniombea jambo lililobaki, nilipe deni lililosalia kwa awamu. Ofisi ikakubali. Kazi iliyonishinda kwa miezi na kwa fedha za kishoka, yeye aliifanya kwa barua ya ukurasa mmoja na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Niliilipa kodi ile mpaka ikaisha. Lakini hakuna barua ingeweza kurudisha kilichokuwa kimekwenda.

Baba yake Robhi alisubiri msimu mmoja. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na watoto wake wa kiume wanaosubiri nao ng'ombe. Robhi akaolewa upande wa Kenya, na siku hiyo Chacha alichukua blanketi na fimbo yake, akaenda Machochwe, Serengeti, kwa wajomba zetu. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alimuaga baba mdogo, akamuaga mke wangu, kwangu akapita kama mtu anayepita kwenye duka lililofungwa.

Ilinichukua miaka mingi kumlipa baba mdogo fedha zake na kuwapata ng'ombe wale wa Chacha. Idadi yao sitaisema, mila hiyo nimebaki nayo. Nikakodi lori, nikawapeleka mwenyewe mpaka Machochwe. Chacha alikuwa ameshaoa, kwa ng'ombe wa mjomba, na watoto wake walikuja kunipa shikamoo wakiniita baba mkubwa kwa sababu mama yao aliwaambia. Yeye alifungua zizi, akawaingiza mmoja mmoja, akimpapasa kila mmoja mgongoni. Halafu akaniletea kiti cha wageni, na maji ya kunawa, na chakula kizuri. Mwanangu, nimekula nyumba nyingi nikiwa mgeni, lakini sijawahi kula chakula kilichonishinda kumeza kama kile.

Nilipokuwa nasimama kuondoka, akanisindikiza mpaka kwenye lori.

"Ng'ombe nimewapokea, kaka," akasema. "Ila siku ile ungeniambia tu. Mimi ningekwenda na wewe."

Nikapanda lori, tukaondoka.

Kwa hiyo nisikilize, wewe uliye na duka, au bodaboda, au mshahara, au mashine ya kusaga. Siku hizi habari za kodi zinakuja hata kwenye simu, na ujumbe ni rahisi kuufuta kuliko barua ile niliyoifunika kwa makopo. Usiufute. Usome tarehe yake na uhesabu siku zako kuanzia hapo, kwa sababu siku hizo ni zako kisheria na hakuna atakayekuja kukukumbusha zikiisha. Kama kodi ni ya haki, ilipe, na kama huiwezi kwa mara moja, omba kulipa kidogo kidogo kabla hawajaja kuichukua wenyewe. Kama haikustahili, pinga kwa maandishi, na nakala ubaki nayo. Na usiende kwa mtu wa kibanda cha chai. Mtu anayekuambia usiandike chochote, muogope. Mtafute wakili, au mshauri wa kodi anayetambulika, na kama huna fedha uliza walipo wanaotoa msaada wa kisheria bure, wapo, hata mke wangu ambaye hakufika sekondari alijua walipo. Ukifika kwao uwaambie yote, hata yale ya aibu, kwa maana wakili hawezi kutetea daftari ambalo umelificha.

Fedha za watu wengine zisikae na zako bila karatasi. Kuandikiana na ndugu si kumdharau. Mimi nilimheshimu baba mdogo kwa kutokumwandikia, na heshima hiyo ikamla mdogo wangu. Na kabla hujajibu kwa niaba ya mtu, mwulize. Wengi tunapoteza mali za watu tukijifanya tunawalinda.

Mimi nimebakiwa na muda mchache. Wewe unao. Mungu akujalie mkono unaoandika na mdomo unaosema mapema. Akupe watu wa kwenda nao siku utakapoitwa, na wewe uwe na unyenyekevu wa kuwaambia. Na ukifika nyumbani kwa ndugu yako, mwanangu, upite moja kwa moja mpaka jikoni, bila mtu kukutafutia kiti cha wageni.