Kanyaga, Mama

Mkwe wangu Nchagwa ni fundi magari pale Nyamongo, na mdomo wake akiwa kazini usiniulize. Mwenzake akimpa spana siyo, wauza ndizi sokoni wanasikia. Lakini mbele yangu mimi, mama wa mke wake, hana sauti. Kwetu Wakurya mkwe ni mtu wa soni. Hakutazami usoni, hakupi mkono, hakai ulipokaa, na kukutuma kitu ndiyo kabisa, mwiko. Miaka sita amemuoa Waisiko wangu, na sauti yake nilikuwa naijua kwa "shikamoo mama" tu.

Ana Vitz, kagari kadogo, mtu mzima ukiingia magoti yanagusa kidevu. Waisiko ni mwalimu Mugumu, kwa hiyo kila wiki Nchagwa anaushuka ule mteremko wa Mto Mara kwenda kumwona. Siku moja yeye na mkewe walikuwa wamebeba mizigo, breki zikachemka mpaka zikatoa moshi. Akaapa kwamba mke wake hatashuka tena na breki zile. Akaenda Sirari kwa wauza vipuri vilivyotumika, akanunua breki za mbele za gari kubwa, diski pana na kamata zake nene za kuzibana. Jumamosi moja asubuhi alikuwa anakaza nati za mwisho. Simu ya hospitali ya Mugumu ikamkuta na spana mkononi: Waisiko amefanyiwa upasuaji wa tumbo, damu imempungua vibaya, ndugu waje kumtolea, na waje sasa hivi.

Akanifuata kijijini kwangu Genkuru. Akasimama nje ya uzio, akaongea na mbuzi wangu aliyefungwa pale. "Mwalimu ni mgonjwa," akamwambia mbuzi. "Anahitaji damu ya mama yake." Nilitupa jembe, nikaingia kiti cha nyuma nikiwa na udongo miguuni, nikajifunika kitenge, nikageukia dirishani.  Njia nzima nilikuwa naomba Mungu, na naogopa.

Tulipoanza kuushuka mteremko nikaona mguu wake unapiga chini, mara mbili, mara tatu. Pedali ilikuwa inazama mpaka mwisho, gari halisikii. Akarudisha gia, akavuta handbreki, akaligongesha gari kwenye ukingo wa udongo. Tukasimama. Chini kule mto ulikuwa unaonekana, na kona zote zilikuwa bado mbele yetu.

"Nati moja," aliliambia tairi lililolowa mafuta ya breki. "Sikuikaza."

Aliikaza, akamimina mafuta mengine. Nikadhani tumemaliza. Kumbe breki ikishaingia hewa haishiki, na kuitoa hiyo hewa kunataka watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine yuko tairini anafungua kinati, hewa inatoka, anafunga, ndipo wa kwanza anaachia. Watu wawili tulikuwepo. Ila mmoja alikuwa mimi.

Akakata mti, akauegemeza kwenye kiti ili ubonyeze pedali, akakimbia tairini. Mti ukaanguka. Akarudi, akauweka, akakimbia tena. Ukaanguka. Simu ikaita, nesi anauliza tumefika wapi. "Tuko njiani," akasema, akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Barabara nyeupe, hata pikipiki haipiti. Nikaona machozi yanamtoka, mwanaume mzima, na bado haniombi.

Hasira zikanipanda. Mwanangu anakauka damu kule, sisi huku tunaheshimiana!

Nikashuka, nikaenda kukaa kwenye kiti chake. Akageukia porini haraka kama nimevua nguo.

"Sema nifanye nini."

"Mama... ikiwezekana... kidogo hivi..." Akaishia hapo.

"Mura, kijana wewe! Sikusikii! Nipigie kelele kama unavyowapigia wenzako gereji!"

Akaenda, akachuchumaa. Halafu kutoka kule tairini: "Kanyaga, mama!"

Nikakanyaga.

"Tena! Tena! Shikilia hapo! Usiachie!"

Pedali ikazama chini ya mguu wangu, nikashtuka, nikaachia.

"Nimesema usiachie! Umerudisha hewa yote! Huna masikio?"

Loo! Tangu baba yangu afe hakuna mwanaume aliyewahi kunifokea vile. Nikarudisha mguu kwenye pedali. "Sawa, fundi," nikasema. "Tuanze upya."

Tukaanza upya. Tairi la kwanza, la pili, likarudiwa la kwanza. Goti liliniuma mpaka nikaliona si langu. Mwishowe pedali ikapanda, ikawa ngumu, inanisukuma yenyewe.

Akaja akifuta mikono, macho chini, sauti imerudi kule kule. "Mama ashuke kwa miguu mpaka darajani. Mimi nitatangulia na gari."

Nilimwelewa. Kama breki zikikataa, afe peke yake.

"Na usipofika, mimi nitafika Mugumu na nini? Washa gari." Nikakaa mbele, kiti cha pembeni yake, viwiko vinagusana, maana katika Vitz hakuna pa kukimbilia. Kila kona aliyofunga breki na mimi nilikanyaga sakafu kwa nguvu zangu zote. Gari lilishika, kona kwa kona. Darajani nilikuta nimemshika mkono wa shati, na sijui nilimshika lini.

Hospitali walitupima, wakatutoa damu wote wawili. Jioni daktari alisema imetosha, atapona, tuingie tumwone. Nilikuwa na kizunguzungu, Nchagwa akanishika bega nisianguke, tukasimama hivyo hivyo kando ya kitanda. Damu ya kwenye chupa ilikuwa inadondoka polepole.

Waisiko akafumbua macho. Akaniangalia mimi, akamwangalia mume wake, akauangalia ule mkono begani kwangu. 

"Mama," akasema, "kwani mimi nimeshakufa?"